Mbwa wa Dirishani Kwetu

Jumanne, 7 Novemba

Sijawahi kumwambia mtu jambo kama hili: leo nimemcheka mama yangu. Hakuwepo. Ndiyo mbaya zaidi.

Darasa letu limepelekwa makumbusho, Leeuwarden, kuona maonyesho kabla hayajafunguliwa. Ukumbi mweupe, kamba, na katikati dirisha la kuigiza — dirisha letu! Pazia alilofuma Mama, vyungu viwili vya maua vinavyofanana, na wale mbwa wawili wa kauri, wanatukodolea macho. Msanii alikuja mtaani kwetu Harlingen mwezi wa tano, akaomba kuviazima. Mama aliviosha kimoja kimoja kwa mswaki.

Liselot wa darasani akanipiga kiwiko ubavuni: shoga, hebu ona hao mbwa, bibi wa nani huyo? Wote wakacheka. Nikacheka nami. Mwalimu Hoekstra akauliza, msanii anatuambia nini? Mimi nisiyenyoosha mkono kamwe, nikanyoosha! Nikasema: anaonyesha watu wasiojua kizuri ni kipi, lakini wanajitahidi. Umenena vyema, Jeltje, akasema.

Sijala.

Alhamisi, 9 Novemba

Mama ameoka mkate wa sukari wa majaribio. Ule wenyewe atauoka Jumamosi, siku ya ufunguzi, ampelekee msanii. Nikamwambia kule watu hawaendi na mikate. Akasema: mtu kakuwekea vitu vyako ukumbini, umwendee mikono mitupu? Nimekulea wapi mimi!

Kisha akauliza polepole: vinapendeza huko? Nikasema ndiyo.

Ubao wa dirisha uko mtupu tangu vichukuliwe. Baba yuko Hispania na lori lake. Wangekuwepo, mbwa wangekuwa wanatazama barabarani. Baba akirudi, Mama huwageuza waangalie ndani, hata koti hajamvua. Bibi alifanya hivyo hivyo Babu alipokuwa baharini. Mtaa mzima huwasoma mbwa hao: kwa Tjitske, yaani Mama, leo mume yupo. Au hayupo. Msanii hakuuliza, na nani angefikiria kumwambia? Kwetu jambo hilo halisemwi.

Mimi ningeweza kulisema Jumanne. Hilo ndilo lilikuwa jibu la kumpa Mwalimu.

Ijumaa, 10 Novemba

Liselot anakwenda kesho na wazazi wake. Wao huchangia makumbusho. Nimemwambia Mama kichwa kinaniuma, huenda nisiende. Akanishika paji la uso. Huna homa, mwanangu.

Baba karudi jioni. Mama akanyoosha mkono kwenye ubao wa dirisha — mtupu — akaurudisha. Nitakwenda.

Jumamosi, 11 Novemba

Mama kavaa gauni la bluu la harusi ya mjomba. Mkate ndani ya taulo, bado una moto. Kule watu wote wamevaa nyeusi, glasi mkononi, wanaongea chini chini. Baba kakaa nyuma yetu kama amekosea mlango.

Mama akasimama mbele ya kamba muda mrefu. Niliogopa atavisikia vile vicheko vya Jumanne. Lakini yeye akasema kwa sauti yake ya sokoni: Baba Jeltje, hebu ona! Wewe uko hapa, na hawa bado wanakutafuta njiani.

Wageuze basi, Baba akasema, watu wasije wakaniona mzimu.

Mama akanipa mkate. Akavuka kamba, akamgeuza mbwa wa kwanza. King'ora! Mlinzi akaja mbio: mama, mama, kazi ya sanaa haiguswi! Mama akaganda, mkono hewani, uso umemwiva. Akasema, samahani, vilikuwa vyangu. Vilikuwa!

Liselot alikuwa amefika kando yangu. Akaninong'oneza, hacheki: Jeltje, unamjua yule?

Nikasema, ni mama yangu. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Nikampa Liselot ashike mkate, nikavuka kamba, nikamgeuza wa pili.