Kiti cha Mkwe

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Watu wamepumzika, mimi nabandika maua. Vigoda viwili vya duka asubuhi, vimetoka vizuri. Loweka stika kwenye maji ya uvuguvugu, subiri picha ianze kuteleza, isukume taratibu kutoka kwenye karatasi mpaka kwenye mbao. Toa hewa kwa kipande cha ndala kuukuu. Kiputo kikibaki, kichome kwa sindano. Kazi ya kupigia mluzi.

Mchana kiti cha mkwe. Mluzi ukakatika.

Nijiandikie ukweli. Mama yake Eliza hajawahi kukanyaga kwangu, na ndoa yetu sasa ina mwaka wa tatu. Alitaka mwalimu, akapata seremala. Jumapili mtoto wetu anabatizwa, na bibi yake amekubali kuja kutoka Bungu. Namtengenezea kiti aondoke nacho. Nataka akipende. Nataka anipende na mimi, basi nimesema.

Stika nimechagua vile viua vya zambarau vinavyoota kwenye miamba ya vijito vyetu. Vitatu kwenye mgongo wa kiti. Vimekaa sawasawa.

Jumanne, 8 Julai

Stika zimekauka. Nimepaka vanishi juu yake zisije zikabanduka au kuingia maji. Saa nne ukungu ukashuka, na umegoma kuondoka. Jioni vanishi bado inanata.

Nilimuuliza Eliza kama mama yake anapenda rangi ya zambarau. Kanijibu nikamuulize mwenyewe akifika. Anajua kabisa siwezi. Mkwe haulizwi mambo kama hayo, tena na mume wa binti yake. Anacheka tu, mwanamke huyu.

Jumatano, 9 Julai

Ukungu. Inanata. Alama ya kidole changu iko kwenye mkono wa kiti, kwa sababu siwezi kukaa dakika kumi bila kugusa. Baridi ya Julai haina adabu.

Nimepata wazo. Jikoni kuna moto wa kuni tangu asubuhi. Mahindi tunakaushia humo, nepi tunakaushia humo. Kiti kina kosa gani? Baada ya chakula nimekiweka karibu na mafiga. Najisikia mwerevu sana.

Alhamisi, 10 Julai

Mimi ni mjinga.

Moshi wote umelala kwenye vanishi. Majivu nayo. Upande uliotazama moto umefanya malengelenge. Ua moja limejikunja, la pili limeungua, la tatu halijulikani ni ua au doa la masizi. Nikakaa chini nikanuna. Eliza akaja na mtoto mgongoni, akainama, akasema kiti kinanuka kama samaki mkavu. Nilikasirika. Halafu nikanusa. Ni kweli. Tukacheka mpaka mtoto akaamka.

Nikaenda kwa Mzee Athumani, fundi rangi wa karakana ya jirani. Nikampa shikamoo, nikaeleza. Aliposikia neno jikoni alivua kofia akajipepea nayo.

"Mwanangu, kiti ulikuwa unakibanika?"

Alipochoka kucheka akanipa darasa. Msasa mpaka mbao ionekane. Vanishi kwa kitambaa, si kwa brashi, nyembamba kiasi cha kudhani hujapaka. Ikikauka ndipo stika, kisha vanishi nyingine nyembamba, jua likiwepo. Halafu uondoke uende zako. Hilo la kwenda zangu alilirudia mara tatu.

Nimepiga msasa mpaka mabega yanawaka. Tabaka la chini nimepaka jioni, jembamba. Stika imebaki moja tu. Nikiiharibu, mkwe atakalia mbao tupu. Naogopa.

Ijumaa, 11 Julai

Jua. Jua lenyewe, tangu saa tatu.

Nimebandika ua hilo moja katikati. Saa tisa nikapitisha kitambaa cha vanishi, nikaondoka nikaenda zangu. Kweli nilienda, mpaka sokoni, nikarudi na mapeasi ambayo hakuna aliyeyaagiza. Kiti kilikuwa kimekauka. Na ua moja linapendeza kuliko matatu. Sikulitegemea hilo.

Jumamosi, 12 Julai

Tabaka la mwisho saa nne asubuhi.

Mkwe amefika saa kumi. Ameshuka milima mpaka Korogwe, akaipanda tena kupitia Mombo, na bado alikuwa na nguvu za kukagua nyumba chumba kwa chumba. Nilimwamkia kwa mbali, kichwa chini, nikakimbilia karakanani kufagia mahali palipokwisha kufagiwa. Msumeno wa umeme siuogopi. Mama huyu namwogopa.

Jumapili, 13 Julai

Neema amebatizwa. Hakulia. Nililia mimi, nikasingizia mafua.

Baada ya chakula Eliza akatoa kiti uani. Nilitazama kupitia upenyo wa mlango, mtu mzima na ndevu zangu. Mkwe akapitisha kiganja juu ya ua. Kisha akalikwangua kwa ukucha. Ukucha! Nilisahau kupumua. Ua halikutikisika. Akakaa, mjukuu mapajani, akakaa mpaka baridi ikamwingiza ndani. Kuhusu kiti hakusema neno.

Jumatatu, 14 Julai

Mkwe ameondoka asubuhi. Nilikuwa nimekifunga kiti kwa gunia na kamba, tayari kwa safari. Alikitazama, akamwambia Eliza kwa Kishambaa kwamba hakichukui. Nilisikia vizuri. Nikabaki nimeishika kamba, uso ukinichoma. Kazi yote ile.

Ndipo akanigeukia mimi. Hajawahi kuniita tangu nimuoe binti yake.

"Baba Neema. Kiti kibaki hapa. Nikija mwezi wa tisa, nitakalia nini?"

Niliitika, nadhani. Nikambebea kikapu mpaka kituoni, yeye mbele mimi nyuma.

Niliporudi nikafungua gunia, nikakiweka kiti sebuleni karibu na dirisha. Eliza alitaka kukikalia kidogo anyonyeshe. Nimemkatalia. Kina mwenyewe.