Siku Niliyobebeshwa Mtoto pale Mwenge

Zawadi mjukuu wangu,

Marahaba, mama. Huku Goba sie wazima, na mama yako mdogo kajifungua wa kiume.

Unauliza kwa nini kiwanda cha samani kimekukataa, eti sheria hairuhusu mtoto wa miaka kumi na sita kushika mashine za mbao, na nguvu unazo. Mie nilipofika hapo kwenye barua yako nikaona haya peke yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikipiga msasa vinyago kwenye banda la mjomba wangu pale Mwenge. Siku moja ikasemekana afisa wa kazi anakuja kukagua. Mjomba akanifunga kilemba, akanibebesha mgongoni mtoto wa mama muuza chai, ili nionekane mtu mzima.

Afisa alipofika tu, mtoto akaangua kilio. Afisa akaniambia kwa upole, "Mnyonyeshe basi, mama."

Wachongaji wote wakainama kuficha kicheko. Mie sikujua uso niuweke wapi.

Afisa akampokea mtoto. Macho ya mtoto yalikuwa mekundu kwa vumbi la mpingo lililojaa kwenye khanga niliyombebea. Akampangusa kwa leso. Kisha akanitazama; macho yangu yalikuwa mekundu vilevile. Akaigeuza leso upande safi, akanipangusa na mie, mbele ya watu wote. Umri wangu hakuuliza.

Usimnunie huyo meneja wa kiwanda aliyekukataa. Mama yako mdogo ananicheka hapa: kila nikitaka kumbeba mwanawe, nabadilisha khanga kwanza. Sijamwambia sababu.

Bibi yako