Meno Sita ya Mama Jael

Jumanne, 9 Septemba

Nimepata app mpya! Hii ni ya kufufua picha za zamani. Unaipa picha iliyochakaa, inazunguka-zunguka, halafu inakurudishia mtu akiwa safi kabisa. Nimeijaribu kwa picha ya kitambulisho changu — ile ambayo hata askari akiiona anacheka — nikatoka kama msoma habari wa televisheni. Ngozi laini. Nyusi zimepangwa. Nilijitazama mpaka chai ikapoa.

Najua, najua. Mama hunionya kuwa siku moja simu itanila. Mwaka huu pekee nimejaribu printa ya mfukoni (ilikufa), taa ya duara ya kupigia picha (inawaka ikitaka), na ile app ya kufuta background iliyomkata mzee Osewe masikio yote mawili kwenye picha za pasipoti. Alirudi nazo akaniuliza kama yeye ni samaki. Lakini nifanye nini? Hapa mtaani Kianda kila mtu ana kamera mfukoni. Anayeingia studio yangu anaingia kwa sababu Bridgit ana kitu ambacho simu yake haina.

Hii nimeilipia mwezi mzima. Haitaniangusha.

Alhamisi, 11 Septemba

Mama Oloo amefiwa na mamake. Habari ilimfikia asubuhi akiwa anakaanga omena, vile visamaki vyake vya kuuza. Aliacha karai motoni akaja kwangu moja kwa moja, na aproni yake.

Jina lake ni Filister lakini hakuna anayelitumia. Ndiye aliyenipokea mtaa wa Kisumu Ndogo, hapa Nairobi, nilipotoka Bungoma sina hata sufuria. Nililala kwake, nikala kwake, na hajawahi kunikumbusha. Siku hizi macho yamemwisha — moshi, na umri. Mtu akiwa mbali anaona umbo tu. Kitu cha karibu haoni kabisa. Kwa hivyo mimi ndiye humsomea meseji na kumtumia pesa. "Bridgit ndiye macho yangu," huwaambia watu, na mimi huvimba kichwa kidogo.

Alitoa picha ndani ya Biblia, imefungwa kwa nailoni. Ndiyo pekee iliyobaki ya mamake, Mama Jael. Nyingine zilienda na maji ya mafuriko, na hii pia maji yaliifikia, wino umetambaa mpaka shavuni. Mama mzee amesimama mbele ya nyumba ya mabati, kuku mkononi, anacheka mdomo wazi. Pengo linaonekana. Meno sita ya chini hayapo, yaling'olewa akiwa msichana, kama walivyofanya Wajaluo wa zamani.

Mama Oloo anasema mamake hakuwa wa kuchekea kamera. Alikuja Nairobi mara moja tu, watoto wa ploti, zile nyumba za kupanga alikofikia, wakaucheka mdomo wake, na tangu siku hiyo akiona kamera alifunga mdomo. Hapa alinaswa. Kuku alikuwa karibu kumponyoka.

Anataka bango. La matanga Jumapili, kisha alibebe nyumbani, kijijini Seme, kwa mazishi. Alisema hataki watu waseme Filister alimzika mamake bila uso. Nikamwambia aniachie mimi. Nilikuwa na huzuni, kweli, lakini pia mikono ilikuwa inaniwasha. App!

Ijumaa, 12 Septemba

Jamani, jamani! Doa limetoka lote. Leso ina maua yake. Hata manyoya ya kuku unaweza kuyahesabu. Na imemwekea mpaka meno! Pengo la chini limejazwa, meno sita meupe, yamepangwa vizuri. Daktari wa meno wa bure. Nilicheka peke yangu dukani. Nikafikiria kuyafuta, nikaona afadhali yakae, mama wa watu aende akiwa kamili.

Mama Oloo alikuja mchana. Nilimpa simu, akainyoosha mkono wote, akaileta karibu, akainyoosha tena. Akaanza kulia. Alisema hivyo ndivyo mamake alivyoinamisha kichwa, na leso ile anaijua, yeye ndiye aliyemnunulia mamake. Alinishika uso kwa mikono yake inayonuka samaki akanibariki kwa Kijaluo.

Sikutaja meno. Haikutokea nafasi.

Jioni nimeweka picha zote mbili kwenye status, ya kabla na ya baada. Nikaandika: Bridgit Studio, tunafufua. Watu wamependa sana. Mmoja kaandika, "Mpaka meno umemshushia kutoka mbinguni!" Vichekesho vingi. Wateja watatu wapya wameuliza.

Jumamosi, 13 Septemba

Kawangware, kwa Mumbi, kuchapisha bango. Mashine yake inatoa kitu kikubwa kama mlango. Mumbi aliliangalia likitoka pole pole, akasema huyu mama alijitunza, tazama hayo meno. Nilicheka naye. Lakini yakiwa makubwa hivyo yalinishtua kidogo. Kila jino lilikuwa na ukubwa wa sanduku la kiberiti.

Nililikunja nikaondoka.

Jumapili, 14 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Matanga yalikuwa nje ya kanisa la Mchungaji Obiero, Kisumu Ndogo. Viti vya plastiki, akina mama wa kwaya, chai. Bango tulilitundika kwenye ukuta wa mabati. Watu walilisifu. Mama Oloo alikaa chini yake akiwa amenyooka, mara ya kwanza tangu Alhamisi. Mimi nilikuwa nazunguka na birika, nikisikiliza sifa.

Kisha akaja Dani Sella, yaani Bibi Sella kwa Kijaluo, kutoka mtaa wa Mashimoni. Ni mwanamke mzee sana, walikua pamoja na Mama Jael huko Seme. Alikuja na bakora, bila mjukuu wa kumshika mkono, watu wakampisha. Akasimama mbele ya bango. Akakaa hapo muda. Mchungaji alimngoja amalize kuomba lakini hakuwa anaomba.

"Nimekuja kumlilia Jael," akasema. "Huyu ni nani?"

Mtu mmoja akamwambia pole pole kwamba ndiye Jael. Dani akatikisa kichwa. Akasema yeye na Jael waling'olewa meno siku moja, asubuhi moja, Jael akiwa wa kwanza, na hakulia, ndiyo sababu yeye Sella pia hakulia. Kisha akafungua mdomo wake mbele ya watu wote akatuonyesha pengo. Mwanamke mzee, kwenye matanga, anafungua mdomo wake tuukague.

Mama Oloo aligeuka kunitafuta. Hakuwa ananiona, alikuwa anaitafuta sauti yangu.

"Bridgit, wewe ndiye unaona. Mama ana meno ya chini hapo?"

Watu kama hamsini. Birika mkononi. Na wengi wao — Mungu wangu — walikuwa wameiona status. Walijua. Walinitazama mimi, si bango.

"Hapana, Mama Oloo," nikasema. "Ni kivuli tu."

Akaniamini hapo hapo. Akamwambia Dani Sella, kwa heshima lakini kwa sauti ya kusikika, kwamba macho yamechoka, aketi apewe chai. Watu wawili watatu wakacheka. Dani aliketi. Mimi ndiye niliyemmiminia. Alikiweka kikombe chini ya kiti bila kukinywa.

Jumatatu, 15 Septemba

Sijafungua duka.

Nimefuta status. Kazi bure, kila mtu ameshaona. Kianda nzima inajua, Kisumu Ndogo nzima inajua, isipokuwa mwenye mama. Nimesoma nilichoandika Ijumaa, hapo juu. "Aende akiwa kamili." Niliandika hivyo kwa mkono wangu. Nani aliniambia alikuwa amepungukiwa?

Watoto wa ploti walimcheka akiwa hai. Mimi nimemcheka akiwa amekufa, tena nikaita watu. Naona aibu.

Nimejaribu kuirudisha. Nimeiambia app itoe meno ya chini, ikanipa mwanamke mwingine. Nikajaribu tena, mwingine, huyu na mashavu ya mtoto. Nikapakua app nyingine, hiyo ikamfunga mdomo kabisa na kumpaka lipstiki. Wanawake sita nimewapata leo, wote wana leso ya Mama Jael, wote wanashika kuku wake. Hakuna hata mmoja aliyeng'olewa meno asubuhi akakataa kulia.

Nimezima simu.

Jumanne, 16 Septemba

Ile nakala ya picha ya kwenye Biblia niliyoipiga kwa simu Alhamisi, kabla ya app, bado ninayo. Doa lake, ukungu wake, pengo lake. Asubuhi nimeipeleka Kawangware nikamwambia Mumbi achapishe hivyo hivyo ilivyo. Alinionya kwamba ikikuzwa itakuwa matone-matone. Nikasema iwe.

Ikatoka. Ukiwa karibu ni madoa tu. Nilirudi nyuma mpaka mlangoni, na hapo nikamwona. Anacheka na kuku. Nililia mbele ya Mumbi, na kumweleza yote.

Mumbi ni mtu wa biashara. Alinisikiliza, akafunga bango kwa rababendi. "Si ubadilishe tu kimya kimya," akasema. "Kwani ataona?"

Alisema kwa nia njema. Lakini njia nzima nilikuwa nasikia hilo. Kwani ataona. Ndilo nililokuwa nalitegemea siku zote hizi, ila mimi sikuwahi kulisema kwa sauti. Na nikibadilisha kimya kimya, Dani Sella atabaki kuwa yule kikongwe aliyeharibu matanga kwa macho mabovu. Lazima Mama Oloo aambiwe. Na mimi, si mtu mwingine. Oloo mwanawe ametangulia Seme kushughulikia kaburi, na Oloo ana macho. Jeneza litafunguliwa watu waage. Watamtazama mama, kisha watalitazama bango, kisha watamtazama Mama Oloo.

Nilipitia Mashimoni nimwone kwanza Dani Sella. Nilikuwa nimejiandaa. Maneno nilikuwa nayo tayari mdomoni. Nikamkuta kwenye kioski cha maji, kwenye foleni na mtungi wake. Kabla sijasalimia alinishika mkono.

"Nyathina, mtoto wangu, usinikasirikie," akasema. "Nilimwaibisha mtoto wa Jael mbele ya watu. Uzee ni mbaya, mwanangu. Unaona vitu ambavyo havipo."

Anaomba msamaha. Yeye, kwangu!

Nilibeba mtungi wake mpaka mlangoni. Nikamwekea ndani, nikafunika. Akaniombea baraka. Nikaenda zangu. Mdomo haukufunguka. Nina meno yote thelathini na mawili na mdomo haukufunguka.

Jumatano, 17 Septemba

Basi la Mama Oloo na wenzake kwenda Seme ni la jioni hii. Niliapa kwenda kwa Mama Oloo asubuhi kabla hajaanza kufunga mizigo. Nikaoga, nikavaa, nikaketi. Nikapanga bahasha ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Saa nne nikasikia kandambili zake mlangoni.

Amekuja mwenyewe, peke yake, akipapasa ukuta. Amevaa gauni jeusi la shughuli na kitambaa kipya kichwani. Bango lile la uongo limo ndani ya mfuko wake, amelikunja vizuri, amelifunga na leso lisije likachafuka. Nilitaka kusema hapo hapo. Nilifungua mdomo, wallahi. Lakini alianza yeye.

Anasema tangu Ijumaa halali akiifikiria ile picha. Anasema maisha yake yote hana picha hata moja akiwa na mamake. Mamake aliogopa kamera, yeye alikuwa mbali, basi miaka ikaisha. Sasa ameambiwa na akina mama wa kwaya kwamba app yangu inaweza kuwaweka watu pamoja. Nimpige picha, nimweke kando ya mamake, aibebe kifuani kwenye safari. Amesema hata Oloo ataifurahia.

Akina mama wa kwaya. Walimtuma kwangu. Sijui walitaka nini, kumfurahisha yeye au kunikaba mimi.

Nikamwambia aketi, natafuta chaja.

Naandika nyuma ya pazia. Chaja ninayo mkononi tangu nianze kuandika. Bango la kweli liko chini ya benchi alilokalia, viatu vyake vinaligusa. Akiinama tu ataliokota, na hata akiliokota hatajua ni nini mpaka mtu amwambie. Na huyo mtu ni mimi. Kwa pengo la pazia namwona anajiangalia kwenye kioo changu ambacho haoni kitu ndani yake. Anarekebisha kitambaa. Anainamisha kichwa upande, hivyo hivyo, kama mama yule mwenye kuku. Sikuwahi kuona kwamba wanafanana.

Nikimwambia, huenda asiniite macho yake tena. Nisipomwambia, ataenda na lile la uongo.

Sasa anacheka kidogo, anajaribu, kisha anafunika mdomo kwa mkono. Anajaribu tena. Ananiita.

"Bridgit, kwa hii picha nicheke ama nifunge mdomo? Niambie ukweli, wewe ndiye unaona."