Watu Kumi na Wanne wa Msitu wa Mikael

Jumatatu, 24 Sene 2005

Itangazwe kutoka Gondari hadi Moyale, mabalozi waandikiane barua: leo saa nane mchana, Kikundi cha Kulinda Msitu wa Mikael kimepata tovuti. Ina ukurasa mmoja. Ukurasa una kichwa cha habari, na chini yake mstatili mweupe unaongoja picha. Mimi, katibu, nilisimama nikapiga makofi. Mpigaji mmoja, mpigiwa huyo huyo, soksi zimetoboka.

Kikundi chenyewe ni watu watano. Mama Yeshimebet ndiye mwenyekiti. Mimi katibu. Wa tatu amehamia Addis, wa nne macho hayaoni tena, wa tano huja kwa ajili ya kahawa.

Baraza la kanisa linataka kufyeka ukingo wa mashariki wa msitu unaolizunguka kanisa, lijenge ukumbi wa harusi. Abba Kinfu, padri wetu, hakuficha. Alisema: Mwalimu, nionyeshe kwamba msitu una wenyewe. Siku ya kupanda miche nikiona watu, ukumbi utatafutiwa pengine. Nikiwaona nyinyi watano na mbwa, tutafyeka.

Ukingo wa mashariki ndiko iliko mizeituni mwitu ya Enatnesh, mke wangu. Thelathini na mmoja. Aliipanda mwenyewe, akaimwagilia kwa dumu la mgongoni viangazi vitatu. Mkubwa kuliko yote unanifika begani. Ana mwaka na miezi minne tangu atutoke. Nilirithi kalamu yake ya ukatibu, na banda la miche. Kalamu haiandiki vizuri.

Kwa hiyo tovuti. Shule imefungwa, mkuu kaniazima kompyuta na modemu kwa likizo. Watu wataona, watajiandikisha, watakuja. Ndivyo kitabu cha maelekezo kinavyosema.

Jumatano, 26 Sene

Mvua tangu alfajiri. Mfungo wa Mitume — mchuzi wa shiro, unga wa dengu, jana, shiro leo, kesho nitabadilisha: shiro.

Nimetafuta picha za kuweka. Zote alizipiga Enatnesh, kwa hiyo yeye hayumo hata moja. Umo mtunguja, yumo ndege mwenye mdomo mwekundu, nimo mimi nimebeba mche kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani. Katika moja tu kuna kivuli chake, kirefu, kimelala juu ya majani. Nimeiweka hiyo juu kabisa.

Nimejipikia kahawa. Kahawa ya mtu mmoja si kahawa, ni dawa. Jirani alichungulia, akaona mwanamume amechuchumaa mbele ya kaa la moto, akarudi ndani bila kusalimu. Nadhani alikuwa anacheka. Angenisalimu tu, ningemmiminia.

Jumamosi, 29 Sene

Nimetengeneza fomu ya kujiandikisha. Jina, mahali unapotoka, utakuja na nini, maoni. Lazima ijaribiwe. Nikajiandikisha mimi. Ikafanya kazi! Ikaandika: *Mtu 1 atakuja.*

Mtu mmoja ni jaribio dogo. Nikamwandika Enatnesh. *Watu 2 watakuja.* Nilikaa mbele ya huo mstari mpaka chai ikapoa.

Baba yangu. Mama yangu. Mwalimu Sertse aliyenifundisha ramani. Ndugu yangu wa Dessie, ambaye yu hai lakini hapokei simu. Wenzangu watano wa chuo cha ualimu. Watatu wao sijui waliko, wawili najua, heri nisingejua. Shangazi. Mkunga wa mtaa wetu wa zamani. Nafasi ya mwisho nikampa Dama, maksai wa baba. Utakuja na nini? Nira.

*Watu 14 watakuja.* Nyumba ilikuwa imechangamka kidogo. Nitawafuta kesho.

Jumapili, 30 Sene

Sikuwafuta.

Baada ya ibada tulikutana kuchagua siku ya kupanda. Kumbe kutengeneza tovuti ni kazi nyepesi. Kazi ni kupata siku isiyo na mtakatifu. Mama Yeshimebet alihesabu kwa vidole. Tarehe tano ya mwezi ujao, Hamle, Petro na Paulo. Saba, Utatu. Kumi na mbili Mikael mwenyewe — utashika jembe mbele yake, Mwalimu, huna haya? Kumi na sita Maria wa Agano. Kumi na tisa Gabrieli. Nikasema, kumi na nane? Akafikiri. Alhamisi. Andika upesi, akasema, kabla hajatokea mwingine.

Kisha akauliza kama kuna aliyejiandikisha kwenye hicho kioo changu. Nikafungua kompyuta magotini. Nikasoma kilichoandikwa: kumi na wanne.

Aliweka kiganja mdomoni. Kabla sijafungua kinywa alikuwa amesimama, anawatangazia wanawake wa chama cha kuzikana: wageni kumi na wanne wanakuja kutupandia msitu, na Mwalimu Gashaw ndiye kawaita, huyu huyu mnayemwona kanyamaza.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nafasi pana, lori lingepita. Nikanywa maji.

Jioni nikaijaza siku kwenye tovuti: 18/11/2005.

Alhamisi, 4 Hamle

Chama cha kuzikana kimetoa viti vyake vidogo vya matanga, kumi na vinne, vimehesabiwa. Wanawake wamegawana mapishi: mikate ya injera, mchuzi, kahawa. Abba Kinfu kaambiwa, kasema atakuja na baraza zima.

Mama Yeshimebet kaniuliza sokoni wageni wanatoka wapi. Sehemu mbalimbali, nikasema. Si uongo. Makaburini ni sehemu.

Hajajiandikisha mtu mwingine. Nafungua orodha kila saa. Hamna.

Jumanne, 9 Hamle

Zinash mwenye duka la kuchapisha aliniita nikipita. Mama Yeshimebet alimpelekea tangazo la kubandika, naye akafungua tovuti apate picha. Nikamkuta kaegemea mashine yake, kanitazama juu ya miwani.

"Pole na msiba, Mwalimu."

"Msiba gani?"

"Kikundi chenu. Kilikufa lini?"

Akageuza kioo. Kwa herufi nyekundu: *Tarehe 18 Novemba 2005. Tukio hili lilikwisha kupita. Usajili umefungwa.* Na chini yake, kivuli cha Enatnesh.

Sikuelewa. Hamle si ndio mwezi wa kumi na moja? Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema, mashine hii ni ya Wazungu, kaka yangu. Kwao mwezi wa kumi na moja ni Novemba, na mwaka ni 2013. Umewaalika watu waje karibu miaka minane iliyopita. Pengine walikuja, akasema, wakakukosa.

Miaka ishirini na mbili nimewafundisha watoto wa watu kugeuza tarehe zetu kuwa za Wazungu. Kuna waliochapwa kwa kosa hilo. Aliyewachapa hakuwa mwingine ila mimi.

Tukasahihisha: 25 Julai 2013. Wekundu ukaondoka. Nikashukuru, nikashika mwavuli. Zinash akasema ngoja. Kama mlango umefungwa tangu ile Jumapili, hawa kumi na wanne waliingilia wapi?

Nikasema, waliingia kabla.

Akabonyeza, orodha ikafunguka. Zinash ndiye aliyekuza ile picha ya kitambulisho ya Enatnesh tuliyoibeba mbele ya jeneza. Aliisoma orodha polepole, kidole kwenye kioo. Kidole kilisimama kwenye jina la pili, kikakaa hapo. Kisha kikaendelea mpaka kwa Dama.

Nilitegemea kichambo. Angenichamba ingekuwa afadhali. Alisema tu, nenda nyumbani Mwalimu, mvua inakuja.

Mvua ilikuwa imekuja zamani. Sote wawili tulikuwa tunaisikia.

Jumatano, 10 Hamle

Sina la kuandika.

Jumatano, 17 Hamle

Kesho ndiyo kesho. Asubuhi nilipanda kwa Mama Yeshimebet kwenda kusema. Nilizipanga njiani: sentensi mbili, ya pili fupi.

Nilimkuta anachambua buni kwenye ungo. Akaniambia nikae. Akasema, Mwalimu, tangu Enatnesh atutoke nilikuwa naitisha mikutano na kuzungumza na wewe na ukuta, na samahani, ukuta ulikuwa unajibu zaidi. Nilishaamua kumwambia Abba afyeke. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia. Sasa tazama, tunachambua buni za wageni. Akanipa ungo nimsaidie. Nikasaidia. Nikashuka kilima na sentensi zangu mbili.

Jioni nikafungua orodha. Nilitaka kuwafuta wote, nione angalau namba ya kweli kabla ya kulala.

*Watu 15 watakuja.*

Jina: Zinash. Unatoka: hapo chini, unapita kila siku. Utakuja na nini: sepetu. Maoni: Mwambie Mama Yeshimebet wewe mwenyewe. Ukichelewa namwambia mimi, na mimi nitaanza na ng'ombe.

Nilisoma mara nyingi. Sikumfuta mtu.

Alhamisi, 18 Hamle

Naandika nimekaa kwenye kiti cha matanga, namba yake kumi na nne, daftari gotini. Hakuna anayeniuliza naandika nini. Ukweli wenyewe huu hapa, kama ulivyotokea, bila chumvi.

Saa tatu mvua ilikatika. Wanawake walikuwa wamefika tangu saa moja, wakatandika nyasi, wakawasha mkaa. Waume zao wakaja kuona wageni. Wanafunzi wangu wa zamani wakaja kuona wageni. Fundi cherehani alifunga duka aje kuona wageni. Miche mia mbili imepangwa kando ya njia. Viti kumi na vinne mbele, vitupu, na nyuma yake mji umesimama, unatazama barabara.

Abba Kinfu akafika na baraza. Akatazama viti. Akatazama barabara. Zinash alikuwa amesimama kando kashika sepetu, ananitazama mimi.

Nikasimama. Nilisema hakuna anayekuja. Nilisema jina la kwanza ni langu na mengine niliyaandika mwenyewe, nilikuwa naijaribu fomu, halafu sikuwa naijaribu tena. Mama Yeshimebet akasema sielewi, Mwalimu, soma. Nikasoma orodha. Jina la pili lilinigharimu. Nikasoma baba, mama, Mwalimu Sertse. Mtu akanong'ona, si huyo tulimzika? Nikasoma mpaka mwisho.

Abba akauliza, "Dama ni nani?"

"Maksai, Abba. Wa baba yangu."

"Yu hai?"

"Tulimla Pasaka ya mwaka sabini na tisa."

Kuna aliyecheka, akaziba mdomo haraka. Abba Kinfu hakucheka. Akasema, "Mwalimu, wafu ninao. Wamelizunguka kanisa pande zote nne, na hawajawahi kuninyima idadi. Mimi nilikuomba walio hai wenye majembe."

Mama Yeshimebet alikuwa ananitazama kama mtu anayesoma barua iliyoandikiwa mwingine. Midomo ikamcheza. Nilijiandaa. Akageuka, akawaambia wanawake: "Kahawa imeiva. Mnaimwaga?"

Wakamimina. Watu wakatafuta pa kukaa, na pa kukaa palikuwa ni vile viti. Fundi cherehani kakaa. Jirani yangu, yule aliyenichungulia, kakaa cha pili, na nilijua ni cha nani, sikusema. Abba mwenyewe kapewa kikombe, na padri akishapewa kikombe hawezi kuondoka. Hakuna anayeweza. Kwetu hata adui haondoki kabla ya kikombe cha tatu, cha baraka.

Cha kwanza kimekwisha. Baada ya hapo Mama Yeshimebet alipita mbele yangu na birika, akasimama. Akasema kwa sauti ya chini, ungeniambia jana, ulikuwa umeshika ungo wangu. Nikasema ndiyo. Akasema, Enatnesh ulimwandika atakuja na nini? Nikasema dumu la maji. Akanijazia kikombe mpaka kikamwagika kidogo, akaendelea na wengine.

Sasa ni cha pili. Nimehesabu watu, siwezi kujizuia: arobaini na tatu, wote wanapumua. Walikuja kuona wageni. Hakuna aliyeondoka, lakini pia hakuna aliyegusa mche, isipokuwa Zinash, ambaye amekwisha kuchimba shimo moja huko mashariki, karibu na mizeituni, na sasa anachimba la pili bila kumtazama mtu. Sepetu inasikika hapa. Watu wananyamaza kuisikiliza. Abba pia.

Mama Yeshimebet anaongeza maji kwenye birika kwa ajili ya cha tatu. Nafunga daftari, niende kumshikia Zinash mche. Jirani ananiuliza, hiki kiti nilichokalia mimi, Mwalimu, kilikuwa cha nani?