Baridi ya Wiki Moja na Mke Aliyehamia Juu

Shangazi mshauri, naomba unisaidie kabla nyumba yangu haijavunjika, na nakuandikia nikiwa nimevaa koti, koti zito, mchana kweupe, na koti hili ndilo shahidi wangu. Mimi ni fundi wa kufyatua matofali, naishi na kufanya kazi bondeni kando ya mto, palepale alipofanyia kazi marehemu baba, na mke wangu tangu asikie redioni habari za mabadiliko ya tabianchi amenikosesha raha, eti mvua siku hizi hazina adabu, eti mto unapanda kuliko zamani, eti tuhamie kwa kaka yake huko juu. Ni kweli misimu mitatu mfululizo mvua imetukuta na matofali mabichi yakarudi kuwa tope, lakini wa kwanza ilikuwa bahati mbaya, wa pili kijicho cha watu, wa tatu nilichelewa kidogo, na ni kweli mwaka jana maji yaliingia chumbani yakafika miguu ya kitanda, lakini yalitoka yenyewe bila kufukuzwa. Sasa wiki hii baridi imepiga mpaka meno yanagongana, nikamwambia mbele ya dada zake, "Haya, mama, hilo joto la dunia liko wapi, nami niote?" Wakacheka wote, yeye hakucheka, jioni akabeba mtoto na godoro akaenda kwa kaka yake, akasema bondeni harudi kulala. Shangazi, nyumba imekuwa kimya mpaka nazungumza na sufuria. Namkumbuka sana. Nimrudishe vipi, wakati hata hali ya hewa iko upande wangu?

Mfyatua matofali

Baba, pole kwa baridi, na pole zaidi kwa upweke, maana huo hautibiwi na koti. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Wewe ukitetemeka, dunia nzima imepoa. Ukitoka jasho, ni jua tu la kawaida. Hali ya hewa ni ya leo, hapo mlangoni kwako. Tabianchi ni mwenendo wa miaka mingi, kwako na kwa wengine. Hivi tanuru likiwaka, ukagusa tofali moja la nje ukalikuta baridi, utawaambia wateja moto umezimika? Mafundi wenzako wangekucheka. Basi wiki yako ndiyo hilo tofali. Na nisimwonee mtu: hata mafuriko ya mwaka mmoja, peke yake, hayathibitishi kitu. Lakini mkeo hakutazama mara moja. Ameona misimu ikigoma, akawasikiliza wanaopima kwa miaka, akaunganisha. Wewe kila msimu una kisingizio kipya; wa nne utamsingizia nani, paka?

Halafu kumcheka mbele ya dada zake! Mama wa watu anamwogopea mtoto, wewe unatafuta makofi. Hilo limeniudhi kweli.

Leo hii panda kwa shemeji yako. Habari za baridi ziache bondeni. Mwombe mkeo msamaha mbele ya dada zake haohao, kisha hamishia huko kitanda na vyombo. Udongo uko mtoni, sawa, ufuate mchana, lakini matofali yaanike juu, chini ya paa, na mawingu yakifunga acha kila kitu uondoke. Usiungoje mto ukushauri. Mvua isipokuja, utachekwa na mkeo kwa kukimbia mawingu matupu, na kuchekwa hakujawahi kumzamisha mtu.