Iguse Boneti Kwanza

Mwende mjukuu wangu,

Huku Mukuyuni tuko salama, mbuzi amezaa, na babu yako bado hataki miwani. Lakini barua yako imenichosha! Umeona pikapu kuukuu iliyotembea Kenya nzima, ati ni ya bei ya chini na itavuta hako kanyumba kako ka magurudumu. Na unaiamini kwa sababu mwenye kuuza ni ndugu wa kanisa!

Babu yako pia alinunua kwa ndugu wa kanisa. Pikapu ilikuwa imelala hapo kanisani, tukaizunguka kuiombea. Pasta akaweka mkono kwenye boneti, akautoa mbio, umeungua. Tukapaza sauti, "Amina!" Hakuna aliyeuliza moto umetoka wapi. Kumbe ndugu alikuwa ameiwasha mapema, kwa sababu ikiwa baridi haiwaki. Kesho yake tuliisukuma mpaka ikawaka, tukaifungia trela la maembe, ikazima kwenye mlima wa kwanza.

Sasa nenda asubuhi, uiguse boneti. Ikiwa baridi, mwambie huyo ndugu aiwashe, aifungie kanyumba kako, apande nako mpaka kwangu huku juu. Akifika, nitaiombea mimi mwenyewe.

Nyanya yako