Kidole Changu na Pampu ya Mkono

Jumatatu, 3 Machi

Bosi katangaza: Alhamisi mkaguzi anakuja. Atakayemridhisha ndiye atakabidhiwa meza ya kupimia geji. Nani tena kama si mimi? Geji zinazodanganya presha nazikamata tangu bosi ana meno ya utoto. Kuna moja niliikazia macho tu—mshale ukarudi sifuri kwa aibu!

Kikwazo ni binti wa dada yangu. Karakana nzima inamwita Miwani, maana hagusi pampu bila miwani ya kazi. Kwanza anatoa hewa kwenye mpira wa kupitisha mafuta. Kisha anasukuma mpini taratibu, anatazama mshale, anasukuma tena, kama anabembeleza mtoto mchanga. Na hagusi nati mpaka afungue vali, presha ishuke yote. Mimi hapo nimeshamaliza geji na chai nimekunywa.

Jumanne, 4 Machi

Ubishi leo. Miwani anatafuta panapovuja kwa kipande cha boksi—anakipitisha kandokando ya mpira, kikilowa ndipo penyewe. Boksi! Nikamwambia, mwanangu, vidole ulipewa vya nini? Mimi napapasa tu, najua. Hawakuniita Kidole bure.

"Mjomba, hicho kidole kitakuja kutuletea kilio."

Mdomo huo kautoa kwa mama yake. Fundi wa kulehemu akacheka mpaka akakaa chini. Nikawahadithia nilivyoziba bomba lililopasuka kwa dole gumba, kutwa nzima, huku nakula kwa mkono wa pili. Wakarudi kazini wote. Heshima hiyo!

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi nimejinoa kwa ajili ya kesho. Peke yangu. Nikasukuma mpini mpaka presha ya bar mia tatu. Mshale ukaanza kuteremka. Panavuja! Nikapitisha kidole chini ya mpira. Nikahisi kama sindano. Basi. Kitone chekundu, kama mbu kapita. Hakuna damu, hakuna maumivu.

Miwani akanikuta nakitazama. Umefanya nini, Mjomba? Mwiba, nikasema. Akanitazama kama geji mbovu. Sasa nimwambie nini? Bosi akijua ananiondoa kwenye pampu, meza inakwenda kwa mtoto niliyemfunga nepi!

Jioni. Kidole kimenenepa. Mke wangu kauliza, nimemwambia nilimpiga mtu ngumi. Kauliza kama huyo mtu yuko hai. Nikasema kwa shida.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Benchi la hospitali.

Kimeamka kimevimba mpaka kiganjani, rangi ya bilinganya. Mke wangu kanivuta huku kwa kola. Nikamweleza nesi: mafuta yameingia kidoleni, bar mia tatu, kupitia tundu hili. Akalitafuta.

"Baba, tundu lipi?"

Mke wangu akadakia: "Msamehe dada, huyu ndivyo alivyo. Jana kapigana."

Nesi akacheka, akanipa vidonge, kakae pale mzee. Jamani! Bomba la dole gumba waliamini. Leo nasema kweli tupu, nachekwa!

Nikampigia Miwani. Nikamweleza kidole kilivyo. Akasema: "Mjomba, mkaguzi ndiyo anaingia getini. Haukuwa mwiba, eh? Bar ngapi? Usinitilie chumvi." Mia tatu. Lini? Jana asubuhi. Mpira upi? Nikajibu yote. Akasema nisikae hata kidogo, nipige kelele aje daktari wa upasuaji, mafuta yanakula nyama kwa ndani. Na meza je, nikamuuliza. Akakata simu.

Nikapiga kelele. Nesi akaniambia nisisumbue wagonjwa.

Sasa Miwani kaingia, miwani bado kwenye paji la uso. Nyuma yake—mkaguzi mwenyewe, na kofia yake! Miwani kamwekea nesi kipande cha boksi dirishani. Katikati kina tundu dogo kama la sindano. Wamesukuma pampu ileile kule karakana, mpira uleule, mia tatu, mbele ya mkaguzi. Boksi limetobolewa kama siagi.

Nesi hacheki tena. Kaenda mbio.

Daktari huyu hapa, kashika mkono wangu, anauliza presha ilikuwa ngapi. Mke wangu ananitazama. Mkaguzi katoa kalamu. Mia tatu, nasema. Mia tatu, haki ya nani! Na daktari anamgeukia Miwani athibitishe—